Tableti ya Kuonyesha Mikono

Bulaimu alikuwa muuzaji wa kuzaliwa, mmoja wa wale wanaojibu kabla hujamaliza kuuliza. Gisèle na mama yake hawakuwa wamepangusa hata vumbi la pikipiki iliyowaleta dukani kwake, tayari tableti tatu zilikuwa zimelala juu ya meza ya kioo, zote zimewashwa.

"Dada, angalia hii ya katikati," alisema. "Hii njo yenye sauti. Iko na bafle mbili, spika za nguvu. Ukitia muziki hapa, watu wa Alunguli watacheza kule ngambo ya mto."

"Mama yangu hasikii."

"Njo maana ninasema, sauti iko mukubwa!"

"Hasikii hata radi, papa Bulaimu. Njo vile toka akiwa mutoto wa miaka tatu."

Hapo ndipo Bulaimu alipomtazama vizuri Mama Scholastique, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kijani, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango huku macho yake yakipima kila kitu dukani. Wengi mjini walimwita bubu, na walimwita hivyo mbele yake kwa kuwa hasikii. Gisèle, ambaye anasikia, alikuwa amelimeza neno hilo miaka mingi bila kulizoea. Bulaimu hakulitamka. Kwa hilo tu Gisèle aliamua kumvumilia na bafle zake.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Gisèle alikuwa muuguzi mwenye diploma ya miaka mitatu na mshahara wa sifuri, maana kituo cha afya alichokuwa akifanyia kazi kilimlipa kwa shukrani. Sasa hospitali moja kule Pangi, mbali na hapa Kindu, ilikuwa imemwita, kazi ya kweli, na Ijumaa alitakiwa awe amefika. Lakini mama yake hakuwahi kufundishwa na mtu kusoma wala kuandika, na lugha ya mikono aliyoizungumza ilijulikana na watu wawili tu duniani, yeye na binti yake. Sokoni, anakouza sombe, majani ya muhogo, na mafuta ya mawese, alielewana na wateja kwa vidole vya bei, basi. Gisèle akiondoka, mama angebaki na bei tu. Kwa hiyo Gisèle alikuwa amejiapiza moyoni bila kumwambia mtu: asipopata chombo cha kuzungumza na mama yake, haendi Pangi, na kazi aichukue mwingine.

Simu haikufaa. Walikuwa wamejaribu. Simu lazima uishike, na ukiishika unabaki na mkono mmoja, na kwa mkono mmoja mama alikuwa kama mtu anayeongea na chakula mdomoni; hata ukiiegemeza, macho yake hayasomi vidole kwenye kioo kidogo hivyo. Kilichotakiwa ni kioo kipana kinachosimama chenyewe mezani, kamera nzuri upande wa mbele, nafasi ya kutia laini, na betri ya kudumu siku mbili, kwa sababu umeme wa kuchaji ungetoka kwa jirani yao Hadidja mwenye sahani ya jua, na Hadidja ana roho nzuri lakini si ya kila siku. Mfukoni zilikuwemo dola mia moja na ishirini, pesa ya kava la kuisimamisha ikiwa humo humo. Haikuwepo hata moja ya kuongeza.

Alimweleza Bulaimu yote hayo, na ajabu ni kwamba jamaa alisikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, Bulaimu aliziweka pembeni habari za muziki, akakuna kidevu.

"Kumbe wewe unanunua kamera," alisema. "Mimi nilikuwa ninauza redio. Sawa. Tutajaribu moja moja. Wewe vuka barabara na simu yako, piga, mimi nitabaki hapa na mama."

Ya kwanza ilikuwa ya dola sabini. Mama Scholastique aliipokea kama anavyopokea muhogo wa kununua: akaipindua, akaigonga mgongoni, akainusa. Kisha akamtazama Bulaimu kwa jicho la huruma. Gisèle alivuka, akasimama kando ya meza ya Jeannette, mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate, akapiga. Sura ya mama ilikuja, ikaganda mdomo ukiwa wazi. Ikaruka. Ikaganda tena ikiwa inaangalia upande mwingine. Ukiwa na mtu anayeongea kwa mdomo unaweza kuvumilia picha mbovu, sauti itakusaidia. Hapa picha ndiyo sauti. Gisèle alikata, akarudi.

"Hii hapana."

"Hii hapana," Bulaimu alikubali bila ubishi. "Hii ni ya watoto."

Ya pili ilikuwa ya mia na kumi, na kava lake ndani ya bei hiyo hiyo. Betri yake ilisifiwa sana, na Gisèle aliiona imebaki juu tangu walipoingia. Alivuka tena, akapiga, na moyo ukamruka kwa furaha, maana sura ya mama ilikuja safi, kila kunyanzi mahali pake, hata kovu dogo juu ya jicho. Mama akainua nyusi. Kwao, nyusi zikipanda ni swali. Lakini swali gani? Mikono haikuwemo. Kulikuwa na uso, mabega, shingo ya kitenge, na chini yake ukingo wa kioo. Mama alikuwa anaongea, Gisèle aliona mabega yakicheza, ila maneno yalikuwa yanaangukia nje.

Alirudi mbio. Wakaisogeza tableti nyuma, sura ikawa ndogo na vidole vikawa havitofautiani. Wakaiinamisha, mikono ikaonekana vizuri juu ya mapaja na kichwa kikakatika, na lugha ile bila uso ni nusu ya lugha. Bulaimu aliipandisha juu ya katoni, akaishusha, akaifuta kamera kwa shati lake. Mama Scholastique alikuwa anawaangalia kama watu wanaotafuta mbuzi ndani ya nyumba.

"Basi njo hii," Bulaimu alisema mwishowe, akaisukuma ya tatu. "Hii kamera yake inafungua sana. Inaona mpaka magoti."

Na kweli iliona. Safari hii, akiwa barabarani, Gisèle alimwona mama yake mzima kwenye kiti cha plastiki, uso na mikono, na maneno yakamfikia yote: *Mbona unasimama juani? Njoo kivulini.* Alicheka peke yake hadi Jeannette akageuka na kijiko chake.

Ilikuwa dola mia moja na tisini.

"Mia na sabini," Bulaimu alisema bila kuulizwa, alipouona uso wake. "Na hapo nimejikata. Chini ya hapo nitafunga duka, dada, ninakuambia ukweli."

Gisèle alimwamini, na hilo ndilo lililouma. Mtu akikudanganya unaweza kumkasirikia, ukaondoka umeinua kichwa. Alimshukuru, akachukua mkoba wake, akampigia mama ishara, chini kama kawaida yao, mkono ukiwa karibu na kiuno: *Twende nyumbani. Siendi Pangi.*

Mama hakusimama. *Kwa nini?*

*Hii nzuri, ghali. Ile ya bei yetu haioni mikono yako.*

Mama alikunja uso. Aliinuka, akaenda mwenyewe mezani, akainama mbele ya ile ya mia na kumi ambayo bado ilikuwa inawaka, kamera yake ikimwonyesha sura yake mwenyewe. Akaiangalia sura. Akaiangalia mikono yake. Akaiangalia tena sura. Kisha akamgeukia binti yake, akamnyooshea kidole, na uso wake ulikuwa na utani kidogo: *Wewe pia. Kule barabarani, huna mikono.*

Gisèle alitaka kubisha, akajitazama. Mikono yake ilikuwa mbele ya tumbo, imekusanyika, vidole vikiongea chini chini kama watu wanaoteta kanisani.

Mwaka wa tisini na tisa, vita vilipofika kijijini kwao kwenye njia ya Pangi, alikuwa na miaka saba. Walikaa msituni miezi kumi na minne, wao wawili. Mama hakuweza kusikia hatua za watu wenye bunduki, mtoto aliweza, basi mtoto akawa masikio na mama akawa akili. Walilala kifudifudi kwenye majani, mtoto akisema kwa vidole ni wangapi, wako upande gani, wanakuja au wanapita, na mama akijibu: baki, tambaa, kimbia. Yote hayo karibu na udongo, kwa sababu mkono ukipanda juu ya majani unaonekana kutoka mbali. Siku moja Gisèle alisahau. Aliona ndizi mbivu, akanyoosha mkono juu kuionyesha. Mama aliikamata mikono yake yote miwili akaibana ardhini mpaka watu wenye bunduki waliokuwa njiani wakamaliza kupita, na ilibaki imevimba siku mbili. Hakuwahi kusahau tena.

Vita vilipotulia upande huo, wakashuka Kindu, wakapata kiwanja Alunguli, ng'ambo ya mto, wakajenga. Lakini mikono haikupanda. Miaka ishirini na zaidi walizungumza chini ya kifua, hata jikoni kwao mlango ukiwa umefungwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeliona kuwa jambo. Gisèle alikuwa amezunguka maduka yote ya mji akitafuta kamera ya kuangalia chini. Haikumpitia kichwani kwamba mikono inaweza kuinuliwa.

Mama Scholastique alikuwa amekwisha kurudi kitini. Alimwonyesha Bulaimu ile tableti ya pili, aisimamishe mbele yake. Kisha akamwonyesha Gisèle mlango: *Vuka.*

Gisèle alivuka. Aliomba ruhusa kwa Jeannette, akaiegemeza simu kwenye ndoo ya unga ili mikono yote miwili iwe huru, akapiga.

Uso ulikuja, safi. Mama hakuitazama kamera kwanza. Aliangalia mlangoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, na Gisèle alilijua jicho lile, ndilo lililokuwa likiangalia njia kule msituni. Kisha kwenye ukingo wa chini wa kioo vikatokea vidole. Vikasimama pale. Bulaimu alionekana nyuma yake, akirefusha shingo ili aone.

Mikono ikapanda mpaka kifuani. Ikapumzika. Ikapanda mpaka kidevuni, ikabaki hapo, mikono mikubwa ya mwanamke wa kutwanga sombe, iliyo wazi mbele ya uso wake.

*Wananiona?* mama aliuliza.

Gisèle alitazama huku na huku. Jeannette alikuwa ameacha mikate iungue, macho yake kwenye simu. Vijana wawili wa pikipiki walikuwa wamezima injini. Wanafunzi watatu walikuwa wamesimama na vinywa wazi. Ilibidi ajibu, na ili ajibu ilibidi ainue mikono yake, na mikono ilikuwa mizito kama ndoo za maji zilizojaa. Aliogopa, muuguzi mzima, mchana kweupe, katikati ya Kindu. Akaiinua.

*Wanatuona wote, mama. Waache waone.*

Mama alilipokea jibu hilo kwa uso mtulivu. Kisha akafanya kitu ambacho binti yake hakukielewa. Alinyoosha mkono wa kulia mbele ya uso, mbali, mpaka kiganja kikajaa kioo kizima, akakiacha pale muda mrefu. Halafu akaurudisha mkono polepole, ukaja kulala kifuani kwake. Akarudia. Mbali, halafu kifuani.

Gisèle aliangalia mara tatu kabla ya kutambua kwamba hilo lilikuwa neno jipya. Lugha yao ilikuwa na kimbia, na jifiche, na usilie. Haikuwa na neno la kumuaga mtu, kwa sababu tangu msituni hawakuwahi kulala nyumba mbili mbalimbali. Mama yake alikuwa amelitengeneza sasa hivi, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya muuzaji: nenda, na urudi hapa.

"Dada, uko sawa?" Jeannette aliuliza.

Hakumjibu. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakutaka kushusha mikono ili ayafute. Aliunyoosha mkono wake mbele ya simu, akaurudisha kifuani. Mama akakunja uso: hapana, si hivyo, mbali zaidi. Gisèle akaunyoosha mpaka bega likauma, mbele ya barabara nzima, akaurudisha polepole, na mama yake akaitikia kwa kichwa.