Jino la Othmar

Mwaka jana nilipong'olewa gego la mwisho, mume wangu Othmar aliniambia jino ni jino tu, na kwamba sisi wanawake wa ziwani tunapenda kubembelezwa. Kesho yake nilikuwa shambani kwetu Matiri nachuma kahawa, shavu limevimba kama nimeficha andazi. Hakuniuliza hali.

Mwaka huu ikawa zamu yake. Gego lake lilikuwa limelala chini ya ufizi, ikabidi wauchane na kuushona. Daktari wa meno, kijana mpole aitwaye Baltazar, alimweleza taratibu mbele yangu: ile damu inayoganda kwenye shimo ndiyo inayokifunika kidonda, isitoke. Asivute sigara, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kitu kwa mrija. Kuanzia kesho yake asukutue polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Othmar aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma ngonjera. Tulipofika tu getini akawasha sigara, midomo bado ina ganzi, moshi unamtoka upande mmoja. Nilipomkumbusha alisema mwili wake anaujua yeye.

Siku mbili alitamba. Ya tatu maumivu yakapanda mpaka sikioni, na kinywa kikaanza kunuka. Mwanamume aliyezoea kuwakaripia wenzake kwenye mikutano ya chama cha ushirika sasa alikuwa amejikunja kitandani, amejifunga khanga yangu kichwani, analia chinichini na kumlaani Baltazar kwamba amemwachia kipande cha jino. Siku ya nne akajaza ugoro kwenye shimo, kwa ushauri wa kaka yake Pankras, ambaye mwenyewe amebakiwa na meno manne. Nusura azimie.

Nilimpikia uji mwepesi. Kumdharau mtu hakukuzuii kumpikia.

Asubuhi yake tulirudi hospitali kwa bodaboda. Njia nzima alipanga atakavyomshtaki daktari. Baltazar akammulika kinywani, akasema ile damu iliyoganda imetoka na mfupa umebaki wazi, ndiyo maana anaumia hivyo. Akamuuliza kama alivuta sigara.

"Tangu nitoke hapa sijagusa," Othmar akasema.

Daktari akanitazama mimi.

"Alivuta hapo getini, ganzi haijaisha," nikasema. "Na jana akatia ugoro."

Othmar akanigeuzia yale macho yake ya mikutanoni, lakini mtu aliyeachama mdomo chini ya taa hamtishi yeyote. Baltazar hakumcheka wala kumgombeza. Aliliosha shimo, akatoa tope la ugoro, akapachika dawa yenye harufu ya karafuu. Nilimheshimu kwa hilo. Mimi nisingeweza.

Nafuu ilikuja siku hiyohiyo, ingawa alirudi mara mbili kubadilishiwa dawa, na wiki mbili nzima nilimchemshia maji ya chumvi.

Alipopona, kwenye sala ya jumuiya ya majirani akasimama kusimulia alivyovumilia kiume, na jinsi alivyousamehe uzembe wa yule daktari. Wazee wakamsikitikia. Jirani yetu Serafina akanigeukia, akauliza ilikuwaje hasa.

"Alijiumiza mwenyewe," nikasema, "na huyo daktari anayemsema ndiye aliyemponya."

Mwenyekiti akaanzisha wimbo. Othmar hakuongea nami mpaka kesho yake mchana, nami sikumbembeleza.