Beryl Thackray na Mgeni wa Ghorofa ya Sita

Beryl Thackray alifika Dubai mara ya kwanza mwaka 2001, akiwa na miaka hamsini na moja. Kufikia wakati huo alikuwa ameshafanya karibu kila kazi ambayo jukwaa la Uingereza humpa mwanamke mwenye sauti nzuri na sura ya kawaida. Alianza kwa kuimba kwenye vilabu vya wachimba makaa ya mawe. Akaigiza wajakazi na mashangazi redioni, akawa mama mkwe katika mchezo wa televisheni uliodumu misimu mitatu, na kila Desemba akabandika masharubu kuwachekesha watoto wa mikoani. Aliweza kuimba wimbo mzito kwa dhati, akateleza makusudi katikati ya ubeti, ukumbi ukaangua kicheko, kisha akaumalizia vizuri kiasi kwamba waliokuwa wakicheka walijikuta kimya.

Haya yote Rispah aliyajua kidogo kidogo, huku akimfungia zipu.

Rispah alikuwa mfanyakazi wa usafi katika hoteli moja ya Bur Dubai, ghorofa ya sita. Kila Februari hoteli hiyo ilileta waigizaji kutoka London kwa wiki mbili, wageni wakila huku wakitazama mchezo. Jioni ya kwanza ya mwaka ule, aliyepangiwa kuwavisha waigizaji aliumwa tumbo. Msimamizi wa ukumbi, Bwana Hafiz, akamnasa Rispah kwenye korido.

"Unajua kushona?"

"Najua, sir."

"Yalla, twende nyuma ya jukwaa."

Beryl alikuwa na mavazi tisa, na sekunde arobaini za kubadilisha kila moja. La tatu, la polisi, liliachia zipu. Rispah akapiga magoti akamshonea suruali ikiwa mwilini, uzi akaukata kwa meno.

"Jina lako nani, mwokozi wangu?"

"Rispah, madam. Nina binamu anaitwa Beryl, huko kwetu Kenya, Butere."

"Beryl wa Butere! Anaimba?"

"Anauza simiti."

Beryl alicheka mpaka Rispah akamwambia atulie, sindano itamchoma. Toka siku hiyo, kila Februari, alimwomba Bwana Hafiz ampe Rispah na si mwingine. Alimsihi Rispah pia aache kumwita madam. Hilo Rispah hakuliweza.

Mwaka 2003 Beryl alikuja na kovu dogo shingoni. Alikuwa amepasuliwa koo, na noti za juu hazikurudi. "Sauti imehamia ghorofa ya chini," alisema akijipaka poda, "basi na mimi nitaishi huko huko." Nyimbo zikashushwa, vichekesho vikaongezwa. Mwigizaji mwingine angejifungia ndani alie. Huenda naye alilia, lakini Rispah hakumwona.

Mama yake Rispah alifariki Novemba 2004. Rispah aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, akajibiwa hoteli imejaa, angoje Januari. Siku ya mazishi alikuwa ghorofa ya sita akisukuma mashine ya kufyonza vumbi juu ya kipande kimoja cha zulia, mbele na nyuma, hajui amekaa pale muda gani. Februari iliyofuata alimsimulia Beryl, akiwa anapinda ncha ya gauni lake. Hakuwa na nia ya kumwambia. Maneno yalitoka tu. Beryl aliweka poda chini, akamshika mkono. Rispah alishukuru kwa mkono ule.

Mwaka 2006, kati ya mavazi aliyopewa Rispah kupiga pasi, kulikuwa na sare ya mfanyakazi wa usafi na kitambaa cha kichwa. Aliipiga pasi vizuri, akamvisha Beryl, akamfunga kitambaa. Beryl akatoka jukwaani akisukuma mashine ya kufyonza vumbi.

Alikuwa akiburuza miguu kama mtu aliyebanwa na viatu. Kila kitu alikijibu, "Pole, madam. Pole, sir." Mwigizaji mwenzake akajikwaa, "Pole, sir." Taa ikazimika, akaiambia pole. Kisha akasimama mahali pamoja akaanza kusukuma, mbele na nyuma, mbele na nyuma, macho hayaoni, mpaka ukumbi mzima ukapiga meza kwa kicheko.

Rispah alisimama nyuma ya pazia na gauni la wimbo uliofuata mikononi. Beryl aliporudi mbio, alimvua sare, akamvalisha gauni, akafunga vishikizo vyote kumi na viwili. Mchezo ulipoisha alitundika mavazi, akasema kwaheri, akaenda zake.

Chumbani alimsimulia Metrine, mwenzake wa kitanda cha juu.

"Si uwache tu hiyo kazi ya kumvisha," Metrine alisema. "Mwambie Hafiz khalas, imetosha."

"Nikiacha, yeye ataendelea. Wao watacheka na mimi sitakuwepo."

Kesho yake, saa kumi alasiri, alibisha mlango wa chumba cha kuvalia. Beryl alikuwa peke yake, anakunywa maji ya moto na asali.

"Madam, yule wa jana ni mimi."

Beryl alitabasamu. "Nilidhani utacheka."

"Siku ile nilikuwa nazika mama yangu."

Tabasamu lilimtoka, lakini Beryl alikuwa mtu wa kujitetea. Alisema amemwigiza mama yake mwenyewe miaka ishirini. Amemwigiza mume aliyemwacha, na mume huyo amewahi kuketi ukumbini akatazama. Kila anayempenda huishia jukwaani, ndivyo alivyo.

"Mume wako aliweza kuinuka akaondoka," Rispah akasema. "Mimi nilikuwa nimeshika nguo zako."

Beryl aliweka kikombe chini. "Nitamtoa," akasema. "Leo hii. Ila nitakuwa na dakika nne tupu na sijui nizijaze na nini."

Rispah hakuwa amepanga kusema zaidi. "Mwigize aliyenilalamikia."

"Nani?"

"Siku ile ile. Mgeni mmoja, mama mwenye taulo kichwani, alifungua mlango akaniona."

"Alisemaje?"

Rispah aliangalia mlango, kisha akachukua taulo akajifunga kichwani. Akaweka mkono mmoja kiunoni, akaegemea ukuta, akainua kidevu kama mtu anayenusa kitu. Akanena kwa Kiingereza cha yule mama, taratibu, kama anasema na mtoto kiziwi: "Mpenzi, unafanya usafi au unafanya maombi? Kwa sababu mimi nimelipia usafi."

Beryl hakucheka. Aliegemea mbele. "Tena," akasema. Rispah akarudia. "Ule mkono, unaanzia wapi?" Wakafanya kazi mpaka saa kumi na mbili kasoro. Rispah ndiye aliyekuwa akisema, hapana, kidevu juu zaidi. Hapana, yeye hakasiriki, anakuhurumia.

Jioni ile Beryl alitoka na taulo kichwani. Mwanzoni watu walicheka. Kisha meza moja ikanyamaza, na nyingine, wanawake wakatazama sahani zao. Mwishoni wakacheka wachache, kwa nguvu, kama watu waliofumaniwa. Bwana Hafiz alikuja nyuma ya jukwaa na uso umekunjika.

"Madam Beryl, wageni wangu wanakuja hapa kufurahi."

"Watazoea," Beryl akasema, na akamwigiza kila jioni mpaka wiki ikaisha.

Mwaka uliofuata hakuja. Alipiga simu. Mtu wa televisheni aliyekuwa likizoni Dubai alimwona, na sasa yule mama wa taulo alikuwa na kipindi chake. Baada ya miaka thelathini na tano ya kazi, watu walianza kumsimamisha Beryl barabarani. Aliwaambia watayarishaji kwamba maneno ya mwanzo ni ya Rispah Nekesa wa Dubai, na jina liliandikwa mwisho wa kipindi, kwa herufi ndogo sana. Alimtumia kanda. Rispah na Metrine walisimamisha picha ili walisome.

"Na watu wanamchukia?" Rispah aliuliza kwenye simu.

"Nani?"

"Yule mama."

Beryl alivuta pumzi. "Wanampenda, Rispah. Wanampenda kupita kiasi. Wananiandikia barua kuwa anawakumbusha shangazi zao."

Rispah alilifikiria jambo hilo siku nyingi. Alikuwa ametaka yule mwanamke aonekane, na ameonekana, na watu wamempenda. Hasira haikumjia, wala furaha. Alimwambia Metrine kwamba kazi ya kuchekesha watu ukishaitoa mkononi haikusikilizi tena. Metrine akamuuliza kama uso ameshanawa, maana wanachelewa kazini.

Novemba 2009 Beryl alirudi kwa jioni moja tu. Uchumi ulikuwa umeyumba, hoteli haikuweza kuleta kikundi kizima. Rispah wakati huo alikuwa amehamia Jebel Ali, nje kidogo ya mji, kuwa msimamizi wa ghala la sare. Bwana Hafiz mwenyewe aliwakaribisha yeye na Metrine kwenye meza ya mbele, akawavutia viti.

Wageni walipiga kelele wakitaka yule mama wa taulo. Beryl alitikisa kichwa. Aliimba nyimbo saba, kwa sauti nene iliyokwaruza kidogo, akiwa na gauni moja tu jeusi. Rispah alimtazama usoni mwanzo hadi mwisho. Miaka yote nyuma ya pazia hakujua kumbe Beryl akiimba hufumba jicho moja.

Baadaye Beryl alikuja mezani akivuja jasho, akaketi, akanywa maji ya Metrine bila kuomba.

"Haya, mkaguzi wangu. Umeonaje?"

"Wimbo wa tano ni mrefu, madam," Rispah akasema. "Ungekata ubeti mmoja."

"Upi?"

"Wa pili."

Beryl akaomba kalamu kwa mhudumu, akauandika ubeti huo kwenye kitambaa cha karatasi na kuupiga mstari katikati.