Pipa la Maji Moto Juu ya Boti

Ndung'u aliendesha lori miaka thelathini na moja, na hiyo miaka yote alilala kwa kabini, miguu imekunjwa, kichwa kimeegemea mlango. Malaba, Busia, Mombasa, kote alilala peke yake. Sasa alipostaafu, tajiri wake akamwambia, "Mzee, chukua ile boti yangu kuukuu ya Naivasha, mimi sina haja nayo tena." Watu wa mtaa wake, Donholm, wakadhani ataiuza. Wapi! Aliivuta na trela mpaka kwake, akaiegesha mbele ya nyumba pale wenzake huegesha magari, akaanza kuipaka rangi.

Na si boti ya kuvua samaki, ni boti ya starehe. Ina kachumba kadogo, kitanda cha watu wawili, madirisha mawili, na injini ya dizeli iliyotolewa kwa pikapu fulani zamani, na rejeta yake ya kupoza maji bado iko. Injini haikumtisha Ndung'u. Injini wanaelewana.

Jirani yake Kasiva, kila asubuhi akipita kwenda kazini, lazima angechokoza.

"Kapteni, feri inatoka saa ngapi? Nivushe hapa barabara ya Outer Ring, unishukishe Umoja."

"Ngoja kwanza maji yajae," Ndung'u anamjibu, brashi mkononi.

Lakini shida haikuwa Kasiva. Shida ilikuwa magoti ya Wacuka.

Wacuka ndiye bibi yake, Mama Job. Alikuwa mtu wa kutembea huyo, anatoka Donholm mpaka soko ya Kariobangi kwa miguu na anarudi na mzigo. Siku hizi jioni ikifika, baridi ikishika, magoti yanakaza kama bolti yenye kutu. Dawa anameza, ndiyo, lakini kitu kinamsaidia kabisa ni maji moto ya kujimwagia, dakika kumi hivi, amekaa kwa stuli bafuni. Siku akikosa, asubuhi haamki mpaka avutwe mkono.

"Twende tulale ziwani, mimi na wewe," Ndung'u alimwambia siku moja wakinywa chai. "Siku mbili tu."

"Na nioge wapi? Na viboko?"

"Nitakuwekea bafu. Ya maji moto."

"Ndani ya boti?"

"Ndani ya boti."

Wacuka akamwangalia vile unaangalia mtoto ameahidi kuosha vyombo. "Haya, Baba Job. Nitajaribu mara moja. Nikishindwa, usiniombe tena. Uende peke yako."

Hapo kwa peke yako ndipo palimchoma. Hakutaka boti ya kulala peke yake. Alishalala peke yake ya kutosha.

Kesho yake akaenda Kariobangi kwa Nyamai, fundi wa mabati, mtu mfupi, mikono imejaa makovu ya moto. Nyamai alisikiliza huku anapiga bati, hata hakuinua kichwa.

"Maji ya injini yakishachemka yanaenda wapi?"

"Yanazunguka tu kwa rejeta, yanapoa."

"Haki mzee, unatupa moto hivyo tu!" Sasa ndiyo akaweka nyundo chini. Akachukua paipu ya shaba, akaonyesha na kidole vile ataizungusha, duara ndani ya duara, vile mama anakunja chapati kabla ya kusukuma. Paipu ikae ndani ya pipa. Maji ya injini yapite ndani ya paipu, maji safi yakae nje yake, hayaonani, lakini joto linapita.

"Na pipa tutaliweka wapi?" Ndung'u akauliza.

Nyamai akacheka mpaka akakohoa. "Wewe ulizaliwa jana? Tangi hukaa wapi?"

Wote wawili wakaangalia juu. Na kweli, ukisimama pale mlangoni kwa Nyamai, unaona nini? Flati, na juu ya kila flati matangi meusi yamejipanga. Enda mtaa wa Pipeline, ni hivyo hivyo. Maji hukaa juu, yanashuka yenyewe, mtu anaoga. Nani atabishana na hiyo?

Basi wakachomelea fremu juu ya paa la boti, wakapandisha pipa la lita mia mbili. Wakalijaza pale pale uwanjani, wakawasha injini. Nusu saa tu, maji ni ya kunyonyoa kuku. Kasiva alitia kidole, akakitoa mbio.

"Kumbe feri iko na bafu!"

Wacuka naye alikuja polepole, akagusa. Akapangusa kidole, akarudi ndani. Lakini jioni Ndung'u alimwona anakunja ile taulo nzito, anaiweka kwa mkoba. Na yeye akatoka nje akajifanya anaangalia magurudumu ya trela, ndio asionekane vile anatabasamu.

Jumamosi wakafika Naivasha, wao wawili na Nyamai, ambaye alisema lazima aone kazi yake. Sasa boti ikiwa kwa trela na boti ikiwa kwa maji, hao ni wanyama wawili tofauti. Kwa trela ilisimama wima kama mwanajeshi. Walipoisukuma majini wakajaza pipa, wakaondoka pole pole, ikaanza kuyumba. Wacuka alisogea kidogo tu achungulie ndege dirishani, boti ikalala na yeye upande huo. Ikarudi. Ikalala upande wa pili, zaidi.

"Ndung'u!" Hakumwita Baba Job. Alimwita jina.

"Kaa katikati! Mama Job, kaa katikati!"

"Katikati ni wapi na kila mahali kunainama?"

Sufuria zikaanguka. Maji yakachungulia ndani. Nyamai, ambaye hata kuogelea hajui, akapanda kwa stuli, akashika valvu ya pipa akaifungua yote. Maji yakamwagika ziwani, mengine yakamwagikia Ndung'u kichwani, vuguvugu hivi. Boti ikapunguza kuyumba, ikapunguza, ikatulia.

Walirudi ukingoni. Wacuka akakaa kwa jiwe, amejifunga leso mbili. Ndung'u akaanza kurudisha trela, hamwangalii. Alikuwa anajua. Mara moja, Wacuka alisema.

"Lakini tangi hukaa juu," Nyamai analalamika, karibu alie. "Mahali gani umeona tangi chini? Mimi nimeweka matangi mia ngapi..."

"Nyumba haielei, fundi," Wacuka akasema.

Wote wawili wakamgeukia Wacuka, naye akaendelea.

"Na nani aliwaambia maji lazima yashuke? Tukiwa wasichana Kinangop, viazi tulipulizia dawa namna gani? Pampu ya mgongoni. Unapiga mkono, maji yanapanda. Wekeni pipa chini, dogo, karibu na injini, na mtu apige pampu. Na iwe mpya, sitaki kuoga na dawa ya viazi."

Ndung'u akasimama, kamba ya trela bado mkononi. "Lakini ulisema mara moja."

"Nilisema mimi nikishindwa. Mimi nimeshindwa?" Akawanyooshea kidole, kwanza mmoja, halafu mwingine. "Nyinyi ndio mmeshindwa. Nipe mkono niamke, magoti yameshika."

Wiki mbili zikapita. Nyamai akatoa lile pipa, akatengeneza lingine la lita arobaini, akalilaza sakafuni, na hakutaka hata kusikia habari ya malipo ya kazi ya pili. Safari hii hakuja. Alisema ana kazi nyingi, lakini alikuwa anaogopa maji.

Jioni ya kwanza, wametia nanga karibu na mafunjo, jua linaenda. Injini imezimwa, maji yako tayari. Wacuka ameingia nyuma ya pazia na stuli yake. Ndung'u ameketi nje ya pazia, pampu katikati ya magoti, anapiga mkono juu chini, juu chini, kama anajaza upepo gurudumu la lori.

"Yanatoka?"

"Yanatoka."

Akapiga tena. Akapiga mpaka bega likaanza kumwambia mambo. Ndani ya pazia ni maji tu yanaanguka, na mvuke unapita juu.

"Mama Job, magoti yanasemaje?"

Wacuka akasikika amevuta pumzi moja ndefu.

"Yanasema kesho tukae tena."

Ndung'u akabadilisha mkono, akaendelea kupiga.