Beji ya Mgeni Mwaminifu

Hotelini kwetu kando ya ziwa, mgeni akirudi miaka kumi mfululizo huvalishwa beji ya uaminifu mbele ya wageni wote, wakati wa chakula cha jioni. Anayeivalisha ni Alois, mwenyekiti wa utalii wa kijiji. Huyo hajui kunyamaza.

Jioni ile alisimama kwenye meza ya Bwana Hagenauer na mkewe Roswitha. Mimi ndiye mhudumu mkuu, nilikuwa nawapakulia supu. Nilimkonyeza Alois, nikamkanyaga mguu. Wapi! Mjinga yule akaendelea.

"Hongera, mama! Miaka kumi, kila majira ya baridi, chumba kile kile cha ziwani! Na nasikia mwaka jana ulianguka na ski zako za kutelezea theluji pale mbele ya baa, watu wakavunjika mbavu!"

Bi Roswitha alikuwa amefika kwetu jana yake, kwa mara ya kwanza. Maishani mwake hajawahi kuvaa ski.

Mumewe aliinamia supu, masikio yamemwiva.

"Nilianguka vibaya?" mama akauliza kwa upole.

"Puu! Kama gunia la viazi!"

Akatabasamu, akavalishwa beji, akashukuru, akamaliza supu yake.

Majira ya baridi yaliyofuata, chumba kile kikachukuliwa tena kwa jina la Hagenauer. Nilikwenda mlangoni kuwapokea. Kutoka kwenye gari walishuka wanawake wawili wakicheka, Bi Roswitha na yule aliyekuwa akija na mumewe miaka yote. Beji ilikuwa kwenye koti la yule wa miaka yote.