Pole kwa Kiebrania

Hebu niambie, wewe ungemhani vipi mtu aliyekuuguzia mwanao, naye yuko nchi ya mbali, na lugha yake huijui hata ya kuombea maji?

Hapo ndipo alipokwama Bi Somoe wa Mahurunga. Mwanawe Nassoro alikwenda Israeli kujifunza kilimo cha umwagiliaji. Huko homa ikamwangusha, na mama mwenye shamba, Bi Devora, akamlaza nyumbani kwake, akamnywesha supu ya kuku mpaka akasimama. Sasa Nassoro amerudi, na simu imeleta habari: mume wa Bi Devora amefariki.

"Nitamwambia mimi, mama," alisema Nassoro.

"Kwenda kuhani anatumwa mtoto, na mimi mzima?" Bi Somoe hakuacha kumenya muhogo. "Miguu haifiki, basi mdomo wangu ufike. Nifundishe."

Kule shambani Nassoro alikijua Kiebrania kwa kupitia Kiingereza, akaishika njia ileile. Pole, kwa Kiingereza, sori. Sori, kwa Kiebrania, slikha.

"Slikha," akaitikia mama.

Nassoro akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hiyo ni kuomba msamaha. Atashangaa umemkosea nini."

"Makubwa! Mumewe nimemuua mimi?"

Wakacheka mpaka kisu kikaanguka. Kisha Nassoro akafumba macho. Alikuwa anakumbuka msiba wa jirani kule, watu wakimshika mkono mfiwa, na walichokuwa wakisema.

"Mishtatefet betsaarekh," alisema. "Nashiriki huzuni yako."

Bi Somoe alimtazama. Mtoto huyu aliyekuwa akitoroka madrasa, leo anachagua maneno ya watu kama anavyochagua mbegu za korosho, moja moja, akiipima kiganjani. Mola amjalie.

Lakini neno lenyewe refu! Alilitwanga pamoja na muhogo: mishta, mishtate, mishtatefe. Fatuma, jirani, akachungulia uani.

"Somoe, unasomea uganga?"

"Nasomea msiba. Nenda zako, usinipoteze!"

Alasiri alioga, akajitanda kanga, akatandika mkeka na kuketi miguu ameikunja, vilevile wanavyoketi wanawake nyumba ya tanga. Nassoro akashika simu mbele yake. Bi Devora akatokea, macho mekundu, nywele hazijachanwa. Nassoro akamsalimu kwa lugha yake, akasema mama yuko hapa.

Na neno likampotea Bi Somoe, lote. Yule mama wa mbali akawa anangoja, kidevu kinatetemeka. Nassoro akafungua mdomo amsaidie. Mama akamzuia kwa mkono.

Akakitazama kile kidevu, na neno likarudi.

"Mishtatefet," alisema taratibu, "betsaarekh, dada yangu Devora."