Ukanda wa Mita Themanini na Nne

Kupiga kambi katika msitu ule hakulipiwi. Mlinzi wa getini anakupa fomu yenye mistari minne: majina, idadi ya watu, mahali mtakapolala, siku ya kurudi. Ukishaijaza anaitundika kwenye msumari, kisha anakusomea onyo kwa sauti ya mtu aliyechoka nalo. Hakuna choo, hakuna bomba, hakuna mtandao wa simu, na gari haliruhusiwi kuvuka mahali barabara inapoishia.

“Na bei?” shemeji yangu alimuuliza.

“Bure.”

“Kwa hiyo hata nikitaka kulalamika sina pa kuanzia.”

Mlinzi hakucheka. Mke wangu alicheka, na hilo nililiandika kichwani kwa sababu lilikuwa cheko lake la kwanza mbele yangu katika siku kumi na moja, yaani tangu barua ilipofika.

Barua ilitoka hospitali ya mji mwingine. Ilimteua mke wangu kuwa mkuu wa maabara na kumtaka aripoti Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi. Asipofika, nafasi ingekwenda kwa anayemfuata katika orodha. Alikuwa ameisubiri kwa miaka tisa, akifanya kazi katika chumba cha chini ambamo mlango haufunguki mpaka mtu mmoja asimame na kusogeza kiti chake. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Kisha akanipa. Niliisoma mara mbili.

“Kilomita mia sita na kumi na moja,” nilisema.

“Mimi nakuambia nimepata kazi, wewe unaniambia kilomita.”

Sikupinga. Sikuwa na hoja ya kupingia. Mshahara ulikuwa mzuri, binti yetu yuko shule ya bweni, na mimi si mtu wa kusema ‘usiende’ halafu nishindwe kueleza kwa nini. Nilichopendekeza ni kwamba kabla hajaondoka twende ziwani, Ijumaa jioni hadi Jumapili saa sita mchana. Masanduku yake yangekuwa ndani ya gari tayari. Mdogo wake, yule shemeji yangu, ambaye ni fundi wa magari na ndiye mwenye gari, angempeleka moja kwa moja kutoka msituni. Msitu uko katikati ya njia, kwa hiyo ni mwendo wa saa sita. Mimi wangenishusha kituo cha mabasi njiani.

Mahali nilipachagua mimi. Ni mpima ardhi. Ramani ya ziwa lile imo kwenye droo ya kumi na nne ya kabati la chuma ofisini kwetu, na niliipima mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita. Inaonyesha rasi yenye miti mirefu, iliyoshikana na nchi kavu kwa ukanda mmoja wa udongo. Ukanda una urefu wa mita themanini na nne, upana wa mita mbili, na pande zote mbili maji yanashuka ghafla hadi mita nne. Kila mwisho wa ukanda, juu ya mwinuko, nilisimika kigingi cha zege. Watu wengine huchagua kambi kwa mandhari. Mimi nilichagua mahali ninapopajua hadi sentimita. Naomba ieleweke kwamba nilipochagua sikuwa na wazo lolote kuhusu maji.

Ijumaa saa kumi na moja jioni tulivuka ukanda kwa miguu, tukiwa tumebeba hema, magunia ya vyakula na sufuria. Pembeni, kwenye mwamba, kuna ubao wa kupimia maji uliogongomewa na watu wa idara ya maji. Nilisoma 212 kwa mazoea tu, kama mtu mwingine anavyotazama saa. Sehemu ya chini kabisa ya ukanda iko 250. Tulikuwa na sentimita thelathini na nane.

Hema tulilipiga upande wa pili wa rasi, ndani ya miti, ambako ukanda hauonekani. Shemeji alinaswa na kamba za hema mara tatu.

“Hili hema lina wivu,” alisema. “Halitaki niondoke.”

Jumamosi asubuhi niliamka kabla yao nikaenda kwenye ubao. Ilikuwa saa moja. Nilisoma 226. Maji yalikuwa yamepanda sentimita kumi na nne kwa saa kumi na nne. Hesabu hiyo haihitaji kalamu: kwa mwendo ule ukanda ungefunikwa Jumapili saa moja asubuhi, saa tano kabla ya kuondoka kwetu. Nilisimama pale kwa dakika kumi hivi.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ukingoni mwa maji akitafuta sufuria. Aliiloweka usiku kwenye kina kifupi, akaibana kwa jiwe, na sasa ilikuwa ikielea mita sita kutoka nchi kavu, imeegemea mzizi.

“Maji yamepanda?” aliniuliza.

“Ni upepo,” nilisema.

Nikaingia ziwani nikamtolea sufuria. Tulikunywa chai. Alinieleza jinsi atakavyopanga maabara mpya: mashine ya damu dirishani, meza ya usajili mbali na mlango, viti viwili vya wagonjwa badala ya benchi. Alichora kwa kijiti ardhini. Ulikuwa mchoro mzuri, wenye uwiano sahihi, na nilimwambia hivyo. Sikumwambia lingine. Jioni ubao ulisoma 238. Mbali milimani tuliona radi nyingi zisizo na sauti, na shemeji akasema huko juu wanapiga picha za harusi.

Jumapili saa moja ubao ulisoma 270. Ukanda ulikuwa chini ya maji kwa sentimita ishirini. Sikusema. Nilikaa juu ya gogo nikasubiri mtu mwingine agundue, na ninakiri kwamba katika saa hizo tatu sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na matokeo tu, na nilikuwa nikiyaacha yajitokeze yenyewe.

Saa nne shemeji alibeba gunia la kwanza kwenda garini. Alirudi baada ya dakika ishirini, amelowa hadi kidevuni, kiatu kimoja hakipo.

“Dada,” alisema, “njia imekula kona.”

Tulikwenda wote. Pale palipokuwa na ukanda palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, tambarare kutoka mti hadi mti, yakisogea polepole kuelekea kulia. Upande wa pili gari lilionekana vizuri sana, hata kibao chake cha namba. Shemeji alieleza kwamba alihesabu hatua kumi na mbili, maji yakiwa magotini, ya kumi na tatu haikupata chini. Gunia lilikwenda na mchele wote.

Mke wangu hajui kuogelea. Mdogo wake anajua kiasi cha kujiokoa yeye mwenyewe, na asubuhi ile alithibitisha. Tulijaribu simu, haikushika. Tulipiga kelele, hakuna aliyejibu. Fomu yetu getini ilisema tunarudi Jumapili, kwa hiyo hakuna ambaye angetutafuta kabla ya Jumatatu mchana. Shemeji aliuliza kama tunaweza kufunga magogo. Tulikuwa na panga moja na kamba za hema.

“Saa sita sasa,” mke wangu alisema. Alikuwa ameukumbatia mfuko wa plastiki wenye vyeti vyake na ile barua. “Nikitoka hapa saa nane nafika. Hata nikitoka saa mbili usiku nafika. Nikilala hapa leo, basi.”

“Wakikuelewa je?” nilisema. “Mafuriko ni sababu halali.”

“Orodha haina sehemu ya kuandika sababu.”

Shemeji alichuchumaa, akachovya mkono majini kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. “Shemeji, hapa wewe ndiye Bwana Sentimita. Njia si ipo palepale, imefunikwa tu? Tukikaa juu yake hasa, maji yatafika wapi? Gotini au kidevuni? Maana mimi nimeonja vyote viwili.”

Wote wawili walinitazama.

Nilikuwa na majibu mawili. Ningesema ‘haiwezekani kujua’, na hakuna ambaye angeweza kunipinga. Mimi ndiye mwenye ramani. Jumatatu ingepita, orodha ingesogea hatua moja, naye angerudi kwenye kile chumba cha chini, na nyumbani kwetu. Au ningesema tarakimu. Tarakimu ilikuwepo, nami nilikuwa nimetoka kuisoma.

“Sentimita arobaini juu ya ukanda,” nilisema. “Yanapanda nne kwa saa. Saa nane yatakuwa arobaini na nane, mnapita. Kesho asubuhi yatazidi mita moja, na kwa mkondo huu hapiti mtu.”

Shemeji alipiga makofi mara moja, lakini dada yake alikuwa bado ananitazama.

“Nne kwa saa umezijuaje?”

“Nimesoma ubao.”

“Lini?”

“Sasa hivi. Na saa moja.”

“Saa moja leo.”

“Ndiyo.”

“Na jana?”

“Jana pia.”

“Jana saa ngapi?”

“Saa moja asubuhi. Yalikuwa yanapanda moja kwa saa.”

Yeye ni mtu wa maabara. Hesabu ile aliifanya haraka kama nilivyoifanya mimi. Niliona midomo yake ikigusa saa moja baada ya nyingine hadi Jumapili asubuhi.

“Uliniambia upepo,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nikiwa na sufuria mkononi.”

“Sufuria niliishika mimi.”

“Dada,” shemeji alisema taratibu, “mpige baadaye. Maji hayasubiri.”

Alikuwa sahihi. Niliwaeleza njia. Mstari kati ya vigingi viwili unapita katikati kabisa ya ukanda. Kigingi cha ng’ambo kilikuwa bado kinaonekana, cheupe, juu ya mwinuko. Mtu aliyemo majini hawezi kujua kama yuko kwenye mstari. Aliyesimama nyuma ya kigingi anajua. Ndivyo tunavyofanya kazini: mmoja anabaki kwenye alama na kuelekeza kwa mikono, wengine wanatembea. Mkono wa kulia nje, songa kulia. Wa kushoto nje, songa kushoto. Yote juu, simama.

“Na anayebaki?” shemeji aliuliza.

“Anaelekezwa kutoka upande wa pili.”

Mke wangu alijifunga mfuko wa vyeti mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Shemeji alitangulia na fito ndefu, yeye akimshika mkanda wa suruali. Saa nane kasoro dakika kumi waliingia. Kila hatua tano walisimama na kugeuka. Kwa umbali ule sura hazisomeki, ila niliona kwamba kila mara yeye ndiye aliyegeuka kwanza, akautazama mkono wangu, akamwambia mdogo wake pa kukanyaga. Mara mbili mkondo uliwasukuma, nikanyoosha mkono wa kushoto hadi bega likauma. Kwenye mita ya sitini fito ilizama yote upande wa kulia. Walisimama kwa muda mrefu. Nilijua kwamba kama ningenyoosha mkono usio sahihi wangeufuata.

Walitoka saa nane na dakika kumi na saba. Shemeji alijitupa kwenye majani akaanza kuimba kitu. Mke wangu alifungua kitenge, akakagua karatasi moja baada ya nyingine, akazirudisha.

“Sasa simama nyuma ya kigingi,” nilipaza sauti. “Niangalie mimi na kigingi cha huku, uniweke katikati.”

Alisogea hadi kwenye kigingi. Akasimama nyuma yake, mahali sahihi kabisa. Nami niliingia majini hadi magotini.

“Itachukua muda gani?” aliuliza kwa sauti ya juu.

“Nusu saa.”

Alitazama barabara, kisha akanitazama. “Sina nusu saa.”

Alikuwa nayo. Alikuwa na saa kumi na saba na dakika zake, na safari ilikuwa ya saa sita. Nilikuwa na hoja kamili, na maji yalikuwa yakinipita kati ya miguu. Sikuisema.

“Nitamwambia mlinzi wa getini alete mtumbwi,” alisema. “Vyakula vilivyobaki vinatosha mtu mmoja. Nimepiga hesabu.”

Shemeji alisimama, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Alijibiwa kwa ufupi. Alinigeukia akafungua mikono, kama fundi anayemwambia mteja kwamba kipuri hicho hakipatikani, kisha akaenda kuwasha gari. Liligeuka kwa shida kwenye tope na kuondoka. Nilirudi nchi kavu nikavua viatu.

Jumatatu ubao ulisoma 361. Jumanne ulipotea wote chini ya maji. Nilihamisha hema mara mbili, kila mara kwenda juu zaidi, hadi nikabaki na kipande cha rasi ambacho ningeweza kukizunguka kwa hatua mia mbili na nne. Nilikizunguka mara nyingi. Hakukuwa tena na sababu ya kupima.

Mtumbwi ulikuja Jumatano saa tano. Mpiga makasia alikuwa mzee mwenye koti la mvua la idara, na alinisubiri nikikunja hema bila kunisaidia.

“Mama alisema niseme ameripoti saa moja na nusu,” aliniambia tulipokuwa katikati. “Alipiga simu getini jana. Alisema wewe utataka kujua saa.”

“Alisema lingine?”

“Nilimuuliza kama nikwambie umpigie. Akasema atapiga yeye.”

“Lini?”

“Hilo hakulisema, baba.”