Picha Mia Nne za Kujaribu

Mimi kukaa kitako siwezi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa na haraka, na tangu kamera yangu ianguke kwenye harusi ya watu, hata ule utulivu kiduchu niliokuwa nao ukaisha. Mjomba wa bwana harusi alikuwa anacheza muziki kwa viwiko. Kiwiko kikanipata, kamera ikaruka, ikatua kwenye vigae, na yeye akaniambia, "Pole, dada," akaendelea kucheza. Pole! Kamera ile ndiyo iliyokuwa inanilisha.

Chumba changu cha picha kinatazamana na ofisi inayotoa vitambulisho. Anayeingia pale bila picha nne ndogo zenye ukuta mweupe nyuma anarudishwa, na akirudishwa anakuja kwangu. Sasa wakawa wanakuja wananikuta na printa nzima, taa nzima, kamera maiti. Siku ya kwanza niliwarudisha watu sita, na wote niliwaona kwa macho yangu haya wakielekea kwa yule bwana aliyefungua kibanda pale kwenye kona. Mteja wa picha akishazoea mlango wa mwenzio, harudi ng'o. Nilijua nikikaa mwezi mmoja bila kamera nafunga chumba, narudi kuishi kwa kaka yangu, ambako wifi yangu hunitazama nikitia sukari kwenye chai mpaka nakirudisha kijiko kikiwa bado kimejaa.

Asubuhi ya pili nikaenda kwenye duka la vifaa vya umeme, mlango wa tatu kutoka kwangu. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na kamera mbili tu, zote za mtu anayeanza. Moja DSLR, zile zenye kioo kidogo tumboni kinachoruka kila ukibonyeza. Nyingine ndiyo hizi mpya wanazoziita mirrorless, kioo hamna. Muuzaji alikuwa mwanaume mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Mtaa mzima ulimwita Dhamana, kwa sababu hauzi hata waya wa chaja bila kusema, "Na dhamana ipo, dada. Mwaka mzima."

Nikashika ile ya kioo. Nzito, inajaa mkononi, ukibonyeza inapiga kelele, *kacha!* Nikaibatiza Shangazi papo hapo. Nikashika ya pili. Nyepesi, kimya, haisemi kitu mpaka uiulize. Hiyo nikaiita Mwali.

"Ipi bora?" nikamuuliza Dhamana.

"Zote zina dhamana."

"Sikukuuliza dhamana!"

Akacheka. "Jaribu mwenyewe, dada. Picha tatu, kwa kadi yako mwenyewe ya kuhifadhia picha. Ndio utaratibu."

Hapo nyuma yangu kulikuwa na muuguzi mmoja aliyenifuata kutoka chumbani kwangu, maana nilikuwa nimemwambia asubiri kidogo, na yeye kusubiri hajui. "Dada, ofisi inafunga dirisha saa sita," akasema. Nikamtazama. Nikautazama ukuta wa lile duka, mweupe, mwanga wa dirisha unaulamba vizuri kutoka ubavuni. Wallahi sikupanga. Nikamwambia, "Simama pale, niijaribu kamera." Nikampiga mbili na Shangazi, moja na Mwali, nikachomoa kadi yangu, nikakimbia kwenye printa. Kabla ya saa sita muuguzi alikuwa na picha zake, na mimi nilikuwa na mtaji wa siku.

Usiku ule sikulala. Nilijiambia ni mara moja tu. Kulipokucha nikawa naenda dukani na fundi cherehani, namwita dada yangu. Mchana nikaenda na dereva wa lori, huyo nikamfanya shemeji. Wiki ikaisha nina mabinamu ishirini, mama wadogo kumi, na mkwe mmoja aliyenizidi umri, na kila mmoja nampiga hata kumi, ule utaratibu wa picha tatu umeshasahaulika.

Na kulinganisha nililinganisha kweli, msinione tapeli mtupu. Shangazi betri yake inakaa siku mbili, halafu lenzi yangu ya zamani iliyopona kwenye vigae ilimwingia bila shida. Mwali ukitaka avae lenzi ile lazima umnunulie kiungio, na betri yake inakata roho mapema kwa sababu kile kidirisha cha kuchungulia ni kiskrini, kinakula chaji. Lakini Mwali jamani! Unaona picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Mtoto akitikisa kichwa, kenyewe kanamfuata jicho. Asubuhi nilikuwa wa Shangazi, mchana wa Mwali, jioni natembea chumbani kwangu kutoka ukutani mpaka mlangoni, najibishana na nafsi yangu kwa sauti mpaka jirani akagonga.

Kilichonivutia kwa Shangazi, mwisho wa yote, ni kelele yake. Mtu akipigwa picha ya kitambulisho anabana pumzi. Akisikia *kacha* anajua yamekwisha, mabega yanashuka, na picha ya pili ndiyo inayotoka na sura ya mtu. Kwa Mwali walikuwa wanabaki wamekakamaa, wananiuliza, "Tayari? Umeshapiga?"

Siku ya nane nikaharibu. Nilikuja na mwalimu mstaafu, nikamfundisha njiani kwamba yeye ni mjomba wangu. Mzee akasimama vizuri, akapigwa, halafu akageuka katikati ya duka na kuniuliza kwa sauti ya darasani, "Sasa binti, hizi ni nne au nane? Na mbona kwa mwenzako wa kona ni nafuu?"

Nikatamani sakafu inimeze. Dhamana alikuwa anafuta kabati. Aliendelea kufuta. Mjomba wangu alipotoka nje, akasema bila kuinua kichwa, "Ukoo wenu mkubwa, dada."

"Mungu ametujalia."

"Na wote wanatafuta vitambulisho mwezi mmoja."

Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki, nikaanza kufunga na kufungua zipu ya mkoba wangu. Yeye akaweka kitambaa chini.

"Nimejua tangu siku ya pili," akasema. "Yule fundi cherehani ndiye anayenishonea mashati. Dada yako tangu lini?"

"Sasa mbona umenyamaza?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye pembe ya dari, kwenye kile kijicho cheusi cha ulinzi. "Bosi anatuangalia kwa simu akiwa kwake. Kabla hujaja wewe alikuwa ananipigia, ananiuliza kama nimelala. Duka tupu, anasema, labda tatizo ni muuzaji. Sasa anaona watu wanaingia, wanashika kamera. Wiki nzima hajanipigia." Akachukua tena kitambaa chake. "Mke wangu ana mimba ya miezi saba, dada. We lete ukoo."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kumbe tulikuwa tunatumiana! Tangu siku ile akawa ananipangia: saa nne mwanga mzuri, saa nane bosi anasali na kupumzika, haangalii. Akawa anamnyoosha mteja kola mwenyewe. Siku moja alileta kitana. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nikajiambia, nikaacha hata ile hofu ndogo iliyonibakia. Nilibakiza siku chache tu nitimize bei ya Shangazi. Nilishaamua. Au karibu.

Siku ya kumi na mbili nikaingia na binamu mpya, mama mmoja muuza mitumba. Nikamkuta bosi mwenyewe.

Mzee mfupi, miwani imekaa juu ya paji la uso, amesimama na binti wa chuo aliyekuja kununua kamera. Kununua hasa, na mkoba wake mkononi. Bosi alikuwa amemshikilia Shangazi, anataka kumwonyesha binti jinsi inavyopiga. *Kacha!* Akampiga Dhamana aliyekuwa nyuma ya kabati, akamgeuzia binti kiskrini cha nyuma.

Binti akainama, akatazama. Watoto wa siku hizi wana macho. "Mzee, hii si mpya."

"Mpya! Tumeitoa kwenye boksi juzi."

"Hesabu ya picha iko hapa. Hii ni ya mia nne na kumi na mbili."

Unaweza kubadilisha kadi utakavyo, kamera yenyewe inaendelea kuhesabu. Nilikuwa nalijua hilo. Miaka kumi na tano kwenye kazi hii, nilikuwa nalijua, na sikulifikiria hata siku moja, kwa sababu lilikuwa haliniumi mimi. Binti akafunga mkoba wake, akashukuru kwa adabu, akaondoka.

Bosi akamgeukia Dhamana. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mia nne?"

Dhamana akanitazama. Mara moja tu, kama mtu anayeangalia saa. Halafu akasema, "Nilikuwa najifunza, bosi. Asubuhi, kabla wateja hawajaja."

"Unajifunza kwa mali yangu?" Kisha yule mzee akanigeukia mimi, miwani sasa ameishusha machoni. "Wewe mama nakuona kwenye simu kila siku. Umekuwa unamwona akifanya mchezo huu?"

Jamani. Mimi niliyemtukana mjomba wa bwana harusi mbele ya ukumbi mzima. Mimi niliyewahi kumjibu wifi yangu mbele ya wakwe. Maneno yalikuwepo mdomoni, ni mimi, mzee, ni mimi. Nikafikiria chumba changu kikiwa na kufuli. Nikafikiria kijiko cha sukari.

"Mimi sijui, mzee," nikasema. "Mimi ni mteja tu."

Muuza mitumba, binamu yangu wa siku ile, akatazama viatu vyake.

"Sasa huu ni mtumba," bosi akasema, akaibwaga kamera juu ya kabati. "Nani ataununua?" Akanikazia macho. "Wewe unayelinganisha wiki mbili. Nakupa kwa bei ya kilichotumika. Unachukua au huchukui?"

Fedha hizo nilikuwa nazo. Zilikuwa kwenye mkoba wangu wakati ule ule. Nikachukua.

Dhamana ndiye aliyeifunga. Akakunja mkanda wake taratibu, akaweka chaja upande wake, akaandika risiti kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Aliponikabidhi akasema, "Hii haina dhamana, dada."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa kitu chochote.

Basi nikawa na kamera. Wateja wakarudi, yule bwana wa kona akaanza tena kufukuza nzi, na mimi nikawa situlii kuliko nilipokuwa mikono mitupu. Nikipita mbele ya lile duka navuka upande wa pili wa barabara. Nilimwona mtu mwingine nyuma ya kabati, kijana mnene anayechezea simu. Nilijidanganya kwamba labda Dhamana yuko likizo, labda mke amejifungua. Kila nikibonyeza, *kacha*, nahesabu. Mia sita na tatu. Mia sita na nne.

Alikuja siku ya Jumanne, saa nne, ule mwanga mzuri. Shati limepigwa pasi vile vile.

"Shikamoo ukoo," akasema mlangoni, akicheka kidogo.

Sikuweza kucheka. "Kaka. Karibu. Mke hajambo?"

"Bado wiki tatu. Nahitaji picha nane. Kila barua ya kuomba kazi wanataka picha."

Akakaa mwenyewe kwenye kiti, akanyoosha kola bila kuambiwa, maana kazi alikuwa anaijua. Nikamwinua Shangazi. Kwenye kile kidirisha nilimwona amebana pumzi kama wote wanavyobana, macho yanaingia moja kwa moja ndani ya lenzi, ndani yangu. Nikabonyeza. *Kacha.* Mabega yake yakashuka.

"Mlio huo naujua," akasema.

"Kaka, mimi siku ile…"

"Kata vizuri pembeni, dada. Wengine wanakata mpaka masikio."

Nikazichapa. Nikazikata, nikazitia kwenye bahasha. Alipotoa pochi yake nikamshika mkono. "Weka. Tafadhali weka."

"Kwani ndugu wanalipana?" akasema, akairudisha pochi mfukoni. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningepata cha kujibu. Akaaga, akateremka ngazi na bahasha yake, akavuka barabara bila kutazama nyuma.

Nikasimama katikati ya chumba. Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri, mmoja akaniuliza kama ni zamu yake. Nikamwambia aende kwa yule bwana wa kona, anapiga vizuri tu. Nikamvaa Shangazi shingoni, nikafunga kufuli, nikatembea milango mitatu.

Bosi alikuwa ndani, anamfokea yule kijana wa simu. Aliponiona na kamera kifuani, uso ukamkunjamana.

"Uliambiwa haina dhamana," akasema. "Imeharibika nini?"

"Kamera haina kosa, mzee," nikasema, na safari hii mdomo ukafunguka. "Zile picha mia nne nilizipiga mimi."